Chekapu, uchunguzi au kipimo? Jibu kwa muuguzi wa Isingiro

Swali limetoka kwa muuguzi wa kituo cha afya wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, si mbali na makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Anaeleza kwamba kituo chao kinaandaa tangazo la Kiswahili la kuwaalika watu wazima waje kuangaliwa afya hata kama hawaumwi, na kwamba wenzake hawajakubaliana kuhusu neno la kutumia. Mmoja anataka "chekapu", kwa kuwa ndilo linalosikika kila siku. Wa pili anataka "uchunguzi wa kawaida". Wa tatu, aliyesomea Kongo kwa Kifaransa, ameandika "mtihani wa afya". Mzee mmoja wa kijiji, aliposomewa rasimu yenye neno "uchunguzi", aliuliza polisi wanamtafuta nani. Muuguzi anataka kujua ni neno lipi lililo sahihi, na kama maneno haya yote yana maana moja.

Ndugu muuguzi, nianze na jibu lenyewe, kisha nitoe sababu zake. Katika maandishi rasmi andikeni "uchunguzi wa afya", wala msiliache neno "uchunguzi" likasimama peke yake. Ongezeni maneno yanayoonyesha kwamba mtu anaitwa akiwa mzima, na kwamba atarudi tena baada ya muda unaojulikana. Neno "kupima" litumieni kwa kila kipimo kimojakimoja, na kila mara mtaje kinachopimwa. "Chekapu" si kosa, na katika mazungumzo ya dirishani na kwenye benchi la kusubiria linafaa sana. "Mtihani" liachieni shule.

Maneno haya hayana maana moja, ingawa yanakutana mahali pamoja. Kitu mnachokitangaza kina sehemu tatu: anayekuja hana malalamiko yoyote ya ugonjwa, anakuja kwa ratiba wala hajaletwa na maumivu, na akifika huangaliwa mambo kadhaa kwa pamoja, kwa mfano presha, sukari, uzito na mengineyo kulingana na umri wake. Hakuna neno moja la Kiswahili linalobeba sehemu zote tatu bila msaada. Ndiyo maana wenzako wanabishana na kila mmoja anaona ana haki, kwa kuwa kila mmoja ameshika sehemu yake.

Tuanze na "uchunguzi", kwa sababu ndilo lililomshtua mzee. Kuchunguza ni kuangalia jambo kwa makini mpaka kilichofichika kijulikane. Ni jamaa wa karibu wa kuchungulia, yaani kutazama kupitia tundu au upenyo. Daktari huchunguza mgonjwa, mwanasayansi huchunguza maji ya ziwa, na askari huchunguza wizi. Maiti nayo hufanyiwa uchunguzi ili sababu ya kifo ijulikane. Katika matumizi haya yote kuna jambo moja: anayechunguza anadhani kuna kitu ambacho bado hakijaonekana. Wahenga waliliona hilo waliposema kwamba ukimchunguza sana bata, humli. Kwa hiyo neno hili lina kivuli cha shaka ndani yake, na msikilizaji asiyepewa maelezo zaidi ana haki ya kuuliza ni nani anayeshukiwa.

Hapa Uganda kivuli hicho ni kizito kuliko Tanzania au Kenya, na sababu zake ni za kihistoria. Kiswahili kiliingia kwa wengi wetu kupitia kambi za jeshi na vituo vya polisi, tangu King's African Rifles, kikosi cha jeshi la kikoloni la Waingereza, kilipoundwa mwaka 1902. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa, na kizazi kizima kilikisikia zaidi kinywani mwa mwenye bunduki kuliko kwa mwalimu au mganga. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yamekifanya kuwa lugha rasmi ya pili, na leo kinafundishwa na kuzungumzwa katika mazingira ya amani zaidi, lakini sikio la mtu wa makamo haliwezi kubadilishwa na kifungu cha sheria. Mzee wenu hakukosa Kiswahili. Alilielewa neno kwa maana aliyoizoea, na kosa lilikuwa la rasimu iliyoandika "uchunguzi" bila kusema ni wa nini. "Uchunguzi wa afya" hauleti shida hiyo, kwa kuwa neno "afya" linafunga mlango wa polisi papo hapo. Ukiandika "kuchunguzwa afya yako" unakaribia zaidi, maana sasa hata mwenye afya hiyo ametajwa.

Niongeze jambo dogo la sarufi ambalo nimeona likiharibiwa katika mabango mengi. Neno "uchunguzi" halihesabiwi kama vikombe. Hatusemi "uchunguzi mbili" wala "mauchunguzi". Tunasema mtu amefanyiwa uchunguzi mara mbili, au tunataja aina zake: uchunguzi wa macho na uchunguzi wa meno.

Sasa "kupima". Hili ndilo neno la watu, na lina nguvu kuliko yote kwa sababu maana yake ya msingi inashikika: kupima ni kulinganisha kitu na kiwango kinachojulikana, kama fundi anavyopima ubao au muuza sukari anavyopima kilo. Kwa hiyo kupima presha, kupima sukari, kupima uzito wa mtoto na kupima malaria ni matumizi sahihi kabisa, kwa kuwa kila kimoja kina kiwango chake na kina jibu lake. Shida inaanza neno linapotumiwa bila kutaja kitu. Katika nchi hii, mtu akikuuliza "umepima?" bila kuongeza neno, takriban kila msikilizaji ataelewa kuwa anauliza kuhusu virusi vya UKIMWI. Jambo hilo halikutokea kwa bahati. Kituo cha AIDS Information Centre kilianza kutoa ushauri nasaha na vipimo vya hiari mjini Kampala mwaka 1990, na tangu hapo kampeni za miaka mingi zimeuambia umma "nenda ukapime" hadi kitenzi kikameza kitu chake. Luganda limepitia njia hiyohiyo, kwani okwekebeza, yaani kujipeleka ukaangaliwe, nalo likisemwa peke yake huelekea kwenye maana hiyo.

Kwa hiyo tangazo lenu likisema tu "Njoo upimwe", wapo watakaofika wakitarajia ushauri nasaha, na wapo ambao hawatafika kabisa kwa sababu hawataki jirani awaone kwenye foleni ambayo wanadhani ni ya virusi. Hao wa pili ndio wanaonihuzunisha, kwa kuwa wengi wao ni wanaume wa miaka 40 na kuendelea ambao presha yao haijawahi kupimwa hata siku moja, na presha ni ugonjwa ambao mtu anaweza kuishi nao muda mrefu bila kuusikia. Watajieni presha, watajieni sukari, na kama kipimo cha virusi kitakuwepo siku hiyo, kitajeni nacho waziwazi badala ya kukificha chini ya kitenzi.

Hapo pana suala lingine, la nani anapima na nani anapimwa. Utasikia mtu akisema "nimepima sukari" ilhali hakupima yeye, bali alipimwa na muuguzi. Katika mazungumzo usemi huo umekubalika Afrika Mashariki yote, na sioni haja ya kumsahihisha mgonjwa kwa ajili yake. Katika maandishi, hata hivyo, tofauti ina faida ya kweli, hasa siku hizi ambapo vipo vifaa vya kujipima virusi vya UKIMWI nyumbani. Kupima, kupimwa na kujipima vimekuwa vitendo vitatu tofauti. Karatasi ya maelekezo isiyovitenganisha inaweza kumfanya mtu adhani kwamba atapewa kifaa akajipime mwenyewe, au kinyume chake. Vivyo hivyo, daktari hufanya uchunguzi, na mgonjwa hufanyiwa uchunguzi. Bango linalosema "Fanya uchunguzi wa afya yako" linampa mwananchi kazi ya daktari. Andikeni "Njoo ufanyiwe uchunguzi wa afya", na kila mtu atabaki na kazi yake.

Jina "kipimo" lina maana nyingi zaidi kuliko kitenzi chake, kwa hiyo liandikwe kwa uangalifu. Kipimo ni kifaa cha kupimia, ni kiasi cha dawa cha kumeza, na pia ni kile kinachofanyika maabara. Mgonjwa aliyeambiwa "kipimo chako kimebadilika" hajui kama ni dawa iliyoongezwa au ni damu iliyoonyesha jambo jipya. Kwa dawa semeni "kiasi cha dawa" au "dozi", na kwa maabara semeni "majibu ya vipimo", usemi ambao kila mtu anaujua.

Kuhusu "kawaida", hapa ninatofautiana na mwenzako wa pili, ingawa naelewa alikokuwa anaelekea. Kawaida ni desturi au jambo lisilo la ajabu. "Uchunguzi wa kawaida" humfanya msomaji afikirie kwamba upo pia uchunguzi usio wa kawaida, na kwamba huu aliopewa yeye ni ule hafifu. Hausemi lolote kuhusu ratiba, ambayo ndiyo roho ya jambo lenyewe. Wengine hukimbilia "uchunguzi wa mara kwa mara", na huo umeenea sana katika maandishi ya afya, lakini nao una udhaifu wake: mara kwa mara maana yake ni mara nyingi, bila kusema ni mara ngapi.

Tazameni mifano miwili. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba mama mjamzito aonane na wahudumu wa afya angalau mara 8, mara ya kwanza kabla ya wiki ya 12 kumalizika, kisha katika wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Ratiba hiyo inaanza kwa mapengo marefu na kumalizia kwa mapengo mafupi. Ukimwambia mama "njoo mara kwa mara" hujamwambia kitu, na ukimwambia "kila mwezi" umemwambia uongo. Upande wa pili upo uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi. Kwa mapendekezo ya shirika hilohilo ya mwaka 2021, mwanamke huanza kuchunguzwa akiwa na miaka 30, na kama kipimo kinachotumika ni kile cha kutafuta vinasaba vya HPV, kirusi kinacholeta saratani hiyo, hurudia kila baada ya miaka 5 hadi 10. Kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI huanza akiwa na miaka 25 na kurudia kila baada ya miaka 3 hadi 5. Ni nani atakayeita jambo linalofanyika mara moja katika miaka 7 au 8 kuwa ni la mara kwa mara? Kwa huduma zote mbili hizi njia salama ni kutaja muda wenyewe: uchunguzi wa afya wa kila mwaka, uchunguzi wa kila baada ya miaka 5, uchunguzi wa wiki ya 20. Muda ukitajwa, "kawaida" na "mara kwa mara" havihitajiki tena.

Mtenganishe pia mtu anayekuja kwa uchunguzi na yule anayerudi kwa ufuatiliaji. Mama aliyeanzishiwa dawa za presha mwezi uliopita na kupewa tarehe ya kurudi hafanyiwi chekapu, hata kama atafungwa mkanda uleule wa mkononi na kupandishwa mizani ileile. Yeye anafuatiliwa. Nimeona vitabu vya wagonjwa ambamo makundi haya mawili yaliandikwa kwa neno moja, na mwisho wa mwezi hakuna aliyeweza kusema ni watu wangapi waligundulika wakiwa wazima na wangapi walikuwa wagonjwa wa zamani. Kwa wa pili andikeni "kurudi kwa ufuatiliaji" au, kwa lugha nyepesi, "kurudi kuonwa".

"Ukaguzi" sitalichelewesha. Hukaguliwa gwaride, hesabu, magari na majengo, na ukaguzi wa afya ni ile kazi ya bwana afya anayepita kuangalia vyoo na migahawa. Mwili wa mtu haukaguliwi, na mtu akisikia anakaguliwa atahisi amefanywa mzigo wa forodhani.

"Mtihani" la mwenzako aliyesomea Kongo lina asili inayoeleweka, kwa kuwa katika Kifaransa neno moja, examen, hutumika kwa chumba cha mtihani na kwa maabara pia. Katika Kiswahili mtihani una maswali, una kufaulu na una kuanguka. Aidha una maana ya majaribu ya maisha, kama mtu anaposema amepatwa na mtihani mkubwa. Kumwalika mtu mzima kwenye "mtihani wa afya" ni kumwambia kwamba anaweza kufeli. Lakini usimpuuze mwenzako huyo. Yeye anajua jinsi wengi wa wasomaji wenu wa Nakivale wanavyozungumza, na hilo ni hazina. Mfano mmoja mzuri ni neno la daktari. Kwa Wakongo wengi daktari ni "munganga" bila utata wowote. Tanzania huwa na Mganga Mkuu wa Serikali, ambaye ni daktari. Kwingineko, kwa Waganda wengi wanaojua Kiswahili, mganga ni mtu wa mitishamba na ramli. Mkiandika "mtaonwa na mganga", nusu ya wasomaji watakuja kwa furaha na nusu watashangaa. Andikeni "daktari" au "mhudumu wa afya", ambayo kila upande unayaelewa.

Onyo kama hilo linahusu "kliniki". Katika Kiswahili cha Kenya na Tanzania, kwenda kliniki kwa muda mrefu kumekuwa na maana ya mama mjamzito au mama mwenye mtoto mchanga kwenda kuangaliwa kwa siku maalumu, na kwa hakika hilo ndilo jina la zamani na la kupendeza kuliko yote la huduma mnayoizungumzia. Lakini Uganda kliniki ni kijiduka cha tiba cha mtu binafsi, chenye mlango unaotazama barabara, ambako mtu hulipa na kupata dawa. "Siku ya kliniki" itawapeleka baadhi ya watu kwenye mlango usio wenu, na huko watalipa.

Tukija kwenye "chekapu" yenyewe, neno hili limeingia kutoka Kiingereza na limepata miguu ya Kiswahili: chekapu yangu, chekapu za mwaka huu, kufanyiwa chekapu. Faida yake ni kwamba linabeba sehemu ya kwanza ya maana vizuri kuliko maneno yote ya asili. Anayesema anakwenda chekapu anajulikana kuwa haumwi. Hasara yake ni kwamba limezaliwa mjini, katika hospitali za kulipia, na watu wengi wa kijijini huliunganisha na gharama. Kadhalika "kucheki" ni kitenzi cha kila kitu, kuanzia kucheki simu mpaka kumcheki rafiki, kwa hiyo "njoo ucheki afya" linasikika jepesi mno kwa tangazo la kituo cha serikali. Mimi ningelitia mara moja katika tangazo, baada ya jina rasmi, ili aliyezoea hilo alitambue, kisha niendelee na jina rasmi.

Kwa kufuata hayo yote, tangazo lenu lingeweza kusomeka hivi:

"Wananchi wote wenye umri wa miaka 30 na kuendelea mnaalikwa kufika kituoni kwetu kufanyiwa uchunguzi wa afya, yaani chekapu, hata kama hamjisikii kuumwa. Mtapimwa presha, sukari na uzito, na mtazungumza na mhudumu wa afya kwa faragha. Anayetaka kupimwa virusi vya UKIMWI pia atahudumiwa kwa hiari yake. Majibu ya vipimo mtapewa siku hiyohiyo, na kila mmoja ataelezwa tarehe ya kurudi."

Umri, vipimo na siku ya majibu mtabadilisha kulingana na mnachoweza kukitoa kweli, kwa kuwa kipimo kilichotajwa kwenye karatasi kisha kikakosekana siku yenyewe huwafanya watu wasirudi. Huduma ikiwa ya bure, neno "bure" liwekwe katika mstari wa kwanza, kabla hata ya neno "uchunguzi".

Umeuliza mwishoni kama mnapaswa kuwasahihisha watu wanaofika dirishani na kusema "nataka kucheki", "nimekuja kupima" au "munganga aniangalie". Hapana. Mtu aliyefika amekwisha kuelewa mwaliko, na kazi yako hapo ni kumuuliza swali moja tu ambalo litakuonyesha aandikwe wapi: "Kuna mahali panakuuma, au umekuja ukiwa mzima?" Akisema ni mzima, aandikwe chini ya uchunguzi wa afya. Akisema kuna mahali panauma, ni mgonjwa wa siku hiyo na anakwenda kwenye foleni ya matibabu. Akitoa kadi yenye tarehe ya kurudi, aandikwe chini ya ufuatiliaji.